Vidole Kumi, Mausi Moja

Mwenzenu nilikuwa na laki mbili. Si za kuokota, jamani. Nilizikusanya kwa miezi saba, buku kwa buku, kwa kuwaandikia watu barua za kuomba kazi na kusuka nywele siku za Jumamosi. Zilikuwa za kupigisha chapa mswada wangu wa riwaya, kurasa 214 za daftari, zote mwandiko wa mkono. Ndipo mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, akaja usiku, akajitupa kwenye kiti cha plastiki na kusema, "Dada, nina shida."

Nyinyi mnaoandika mnajua neno hilo likitamkwa mwisho wa mwezi lina maana gani.

Mdogo wangu anatengeneza biti. Studio yake ni chumba cha kupanga Mwananyamala: kompyuta ya zamani, spika mbili, godoro lililosimamishwa ukutani kuzuia mwangwi, na mausi moja. "Mausi ndiyo inaniua," akasema. "Mwimbaji akishuka nataka nimpandishe, papo hapo nishushe ngoma. Siwezi, maana mausi inashika feda moja tu. Nina vidole kumi, dada, natumia kimoja." Alitaka kontrola, yaani kile kimeza chenye feda za kusukuma juu na chini na vifundo vya kuzungusha, unachokichomeka kwenye kompyuta ili mkono ushike kile ambacho jicho linakiona kwenye kioo.

Sikumkatalia, sikumkubalia. Nikamwambia anipe wiki mbili. Mimi elimu yangu ni ya kidato cha nne tu, lakini nina ugonjwa mmoja: sitoi hela yangu kwenye kitu ambacho sijui kimetoka wapi. Nikaanza kusoma.

Kumbe hadithi yenyewe ni tamu kuliko riwaya yangu (hapo mhariri asicheke). Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 vinanda vya umeme vilikuwa kama makabila yasiyoelewana. Cha kampuni hii hakikuweza kuzungumza na cha kampuni ile. Ukitaka sauti mbili kwa pamoja unapiga huku kwa mkono wa kulia, kule kwa wa kushoto. Mwaka 1981 Mmarekani Dave Smith, mwenye kampuni ya Sequential Circuits, alipeleka kwa wataalamu wa sauti pendekezo la lugha moja ya vinanda vyote. Upande wa Japani alikuwapo Ikutaro Kakehashi, mwanzilishi wa Roland, aliyefiwa na wazazi wake akiwa mtoto mchanga na aliyeanza maisha kwa kutengeneza saa. Januari 1983, kwenye maonyesho ya biashara ya ala huko Anaheim, California, Prophet-600 ya Smith ikaunganishwa kwa waya na Jupiter-6 ya Roland. Ukigusa hiki, kinalia na kile. Lugha hiyo ndiyo MIDI.

Jambo lililonigusa mimi niliyekuwa na laki mbili ni hili: waliifanya iwe rahisi makusudi. Plagi yake ni ile ya duara ya pini tano, iliyokuwa imezagaa tayari kwenye redio na rekoda za Ulaya, na katika zile tano walitumia tatu tu. Hawakudai malipo kwa kampuni yoyote iliyotaka kuitumia. Mwaka 2013 wazee hao wawili walipewa Grammy ya ufundi. Kakehashi akafariki mwaka 2017, Smith mwaka 2022.

Urahisi huo ulikuwa na gharama yake, na hapa naomba mnivumilie kidogo, maana ndipo kontrola ya bei nafuu inapoanzia. MIDI haibebi sauti. Narudia: haibebi sauti. Muuzaji mmoja Kariakoo alinisifia kimeza chake kwamba "sauti yake nzito", nikanyamaza tu. MIDI inabeba amri: piga noti hii, kwa nguvu hii, sogeza feda hii hapa. Kila amri imekatwa vipande vya biti nane (hizi ni biti za kompyuta, si zile anazotengeneza mdogo wangu). Ya kwanza inatumika kueleza kama kipande hicho ni amri au ni namba. Zinabaki saba, na saba zinatoa ngazi 128, kutoka 0 mpaka 127, basi. Feda ya kawaida ya MIDI, ukiisukuma kutoka chini mpaka juu, inapanda ngazi hizo 128 na si zaidi. Nikakumbuka mizani. Mtunzi wa shairi la mizani nane kwa nane naye amefungwa, na bado watu wanalia wakisikiliza. (Ajabu nyingine: MIDI ina chaneli 16, sawa na mizani za mshororo mzima. Sina la kusema juu ya hilo, nimelipenda tu.)

Sisi huku wakati huo tulikuwa kwenye utepe. Bendi zetu kubwa zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, watu kumi na zaidi wanapiga kwa pamoja, mmoja akikosea mnarudia. Miaka ya 1990 ndipo zikaja studio kama Mawingu, MJ na baadaye Bongo Records. Kinanda, kompyuta na prodyuza mmoja vikashika nafasi ya bendi nzima. Wazee wa dansi walilalamika na walikuwa na haki ya kulalamika. Ila bila waya ule wa 1983 sijui kijana wa Temeke angeipata wapi bendi.

Mwaka 1997 ikatoka programu ya Kibelgiji iliyoitwa FruityLoops, ambayo tangu 2003 inaitwa FL Studio. Ikaenea mitaani, na tusidanganyane, nakala nyingi hazikulipiwa. Hapo mikisa ikahama mezani ikaingia ndani ya kioo, na mikono ikakosa kazi. Studio kubwa za nje zilikuwa na dawa. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1990 kampuni ya Mackie ilitengeneza HUI, na miaka ya 2000 ilipoanza ikaja Mackie Control, yenye feda za mota: programu ikibadilisha sauti, feda inasogea yenyewe kama ina jini. Feda zake hazitumi amri ya kawaida ya ngazi 128 bali ile ya kupindisha noti, yenye ngazi nyingi zaidi, ndiyo maana zinateleza laini. Lakini bei yake haikuwa ya Mwananyamala.

Walioishusha bei walikuja baada ya hapo. Mwaka 1999 ilitolewa kanuni ya kupitisha MIDI kwenye USB, ikawa unachomeka waya mmoja tu, mara nyingi bila hata kusumbuka na diski ya kufungulia. Katikati ya miaka ya 2000 Behringer wakatoa BCF2000 yenye feda nane za mota, kwa watu wa kipato chetu au tuseme cha jirani yetu. Mwaka 2008 Korg wakatoa nanoKONTROL, na 2011 nanoKONTROL2: kipande cha plastiki kama rula nene, feda nane fupi, vifundo nane, vitufe vya kucheza na kurekodi, na umeme wake unatoka humo humo kwenye USB. Hakina mota.

Basi tukaenda Kariakoo tukiwa na hesabu mkononi. Kulikuwa na kimeza kikubwa cha mota, kilichokwishatumika, laki nne na nusu. Mdogo wangu alikipenda kwa macho kama mchumba. Nikamwambia muuzaji akiwashe. Feda ya tano ikatetemeka kama mgonjwa wa malaria, kisha ikagoma katikati. "Itazoea," akasema muuzaji. Tena kilihitaji umeme wake mbali, na mtaani kwetu umeme ukikatika tunabaki na betri ya laptopu ya kuazima. Pembeni yake kulikuwa na kile kidogo, kipya, laki moja na themanini.

"Dada, hiki kama cha kuchezea watoto."

"Una nyimbo ngapi zenye mistari zaidi ya minane?"

Akafikiri. "Nyingi."

Hiyo ndiyo dosari ya kweli ya feda zisizo na mota. Ukimaliza mistari minane ya kwanza ukahamia minane ya pili, feda zinabaki pale zilipokuwa. Ukigusa moja, sauti inaruka ghafla. Dawa ipo kwenye programu nyingi: unaiambia isishike mpaka feda ipite pale sauti ilipo, ndipo iungane nayo. Inachosha, ila haivunjiki. Feda inayotetemeka ni mota ya kubadilisha, na fundi wa mota hizo mimi simjui.

Tukachukua kidogo. Nilitoa laki moja na nusu, yeye akatoa elfu thelathini.

Mpaka leo amenirudishia elfu tisini. Zilizobaki analipa kwa kazi: Jumapili usiku, majirani wakishalala, nakaa mbele ya maiki nasoma riwaya yangu, sura baada ya sura, kutoka kwenye daftari lile lile. Juzi mvua ilinyesha juu ya bati nikiwa katikati ya sura ya pili, nikataka kuacha. Akanipungia mkono niendelee. Kidole kimoja kilikuwa juu ya feda ya sauti yangu, kingine juu ya feda ya maiki aliyoiweka dirishani, na mvua ikawa inapanda pale ninapovuta pumzi.