Umri wa Mwanafunzi katika Historia ya Masomo ya Juu ya Uuguzi: Kutoka Teachers College hadi Nairobi

Katika mijadala kuhusu elimu ya uuguzi, muuguzi anayerudi chuoni akiwa na umri wa miaka arobaini au hamsini huelezwa kuwa mwanafunzi aliyechelewa. Maelezo hayo huchukulia kwamba mlango ulikuwa wazi tangu awali, naye akakawia kuingia. Makala hii inaihoji dhana hiyo kwa kurejelea historia ya masomo ya juu ya uuguzi nchini Marekani, kisha inaigusa Afrika Mashariki kwa ufupi. Inadaiwa humu kwamba masomo hayo yaliasisiwa kwa ajili ya watu wazima waliokwisha kufanya kazi, na kwamba kabla ya muuguzi kuchelewa, taasisi zilikuwa zimechelewa.

Mwaka 1899, chama cha wakuu wa shule za uuguzi nchini Marekani kilikubaliana na Teachers College ya New York kuanzisha kozi ya uendeshaji wa hospitali. Haikuwa kozi ya vijana waliotoka sekondari. Waliolengwa ni wauguzi wenye uzoefu, ambao wangekwenda kuongoza shule na hospitali. Ili kuielewa hatua hiyo, ni sharti ikumbukwe shule ya uuguzi ya zama hizo ilikuwa nini. Ilimilikiwa na hospitali, na mwanafunzi wake ndiye aliyekuwa nguvukazi ya wodi: alifua, alilisha, alikesha na wagonjwa, na mara nyingi alihudhuria mihadhara jioni, baada ya saa nyingi za kazi. Alihitimu akiwa na cheti kilichoheshimiwa wodini lakini kisicho na uzito mkubwa mbele ya chuo kikuu.

Mary Adelaide Nutting, aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa kozi hiyo, ni mfano unaofaa. Alizaliwa Kanada mwaka 1858, akajiunga na shule ya uuguzi ya Johns Hopkins mwaka 1889, akiwa na umri wa takriban miaka 31. Mwaka 1907 alikwenda Teachers College kuwa profesa, muuguzi wa kwanza kushika cheo hicho. Mwanamke huyo, aliyeanza uuguzi katika umri ambao wenzake wengi walikuwa wameshaanza kazi, ndiye aliyewafundisha wengine namna ya kurudi darasani.

Ngazi ya elimu ya uuguzi, kwa hiyo, ilijengwa kuanzia juu. Masomo ya walimu na viongozi yalipata nafasi chuoni wakati ambapo mafunzo ya awali yalikuwa bado yamefungwa hospitalini. Matokeo yake ni kwamba kwa miongo kadhaa aliyetaka shahada alipita hospitalini kwanza, akafanya kazi, ndipo akaanza upya.

Kwa wauguzi weusi kizuizi kilikuwa maradufu. Estelle Massey Osborne, aliyezaliwa Texas mwaka 1901, alifundisha shule kabla ya kusomea uuguzi. Kwa ufadhili wa mfuko wa Rosenwald alisoma Teachers College, na mwaka 1931 akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kupata shahada ya uzamili katika uuguzi. Vitabu hulitaja tukio hili kama ushindi, na ni haki yake. Hata hivyo, tarehe hiyo inaweza pia kusomwa kinyume: miaka 32 ilipita tangu kozi ya kwanza ianze. Mary Elizabeth Carnegie, aliyezaliwa mwaka 1916, alipata stashahada ya uuguzi mwaka 1937, shahada ya kwanza mwaka 1942, uzamili mwaka 1952 na uzamivu mwaka 1972, akiwa na miaka 56. Uzamivu wenyewe ulikuwa katika utawala wa umma. Kati ya vyeti hivyo kulikuwa na kazi, ualimu na uongozi, na si uzembe.

Hildegard Peplau anaonyesha kile ambacho umri ulileta darasani. Alihitimu shule ya hospitali mwaka 1931 na kulitumikia jeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili, akiwahudumia askari wenye maradhi ya akili nchini Uingereza. Alipata uzamili Teachers College mwaka 1947 na uzamivu mwaka 1953. Kitabu chake kuhusu uhusiano wa muuguzi na mgonjwa kilitoka mwaka 1952, baada ya kucheleweshwa kwa sababu muuguzi kuchapisha bila daktari kama mwandishi mwenza lilionekana jambo lisilofaa. Kwa maoni ya mwandishi wa makala hii, nadharia ile isingeandikwa na mtu ambaye hajawahi kukaa na mgonjwa aliyenyamaza usiku kucha.

Mwaka 1956 serikali ya Marekani ilianza kuwafadhili wauguzi waliotaka masomo ya juu. Lakini mwaka 1965 chama cha wauguzi cha nchi hiyo kilipotangaza kwamba elimu ya kuingilia taaluma iwe ya vyuo vya elimu ya juu, wenye stashahada za hospitali walijikuta, wakiwa kazini, wanahesabiwa kuwa pungufu.

Afrika Mashariki ilipita njia inayofanana. Mwaka 1968 Nairobi ilianzisha chuoni stashahada ya juu kwa wauguzi waliosajiliwa, ili kuandaa walimu na viongozi. Shahada ya kwanza ilifuata mwaka 1992. Hapa pia juu kulijengwa kabla ya chini. Nchini Tanzania, shahada ya kwanza ya uuguzi ilianza Muhimbili mwaka 1988. Muuguzi aliyehitimu mafunzo mwaka 1975 akiwa na miaka 22 alikuwa na miaka 35 siku mlango huo ulipofunguliwa, na uzamili ulikuwa bado mbele. Umri wake fomu ya maombi iliuuliza. Mwaka wa kuanzishwa kwa programu haikuuliza.

Programu ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, iliyoanza mwaka 2001 nchini Kenya, Uganda na Tanzania, iliwapangia wauguzi walio kazini siku mbili za darasa kwa wiki. Siku zilizobaki walirudi kwenye zamu.