Mapango ya Aluvihare na Kuandikwa kwa Mafundisho ya Buddha

Karibu na mji wa Matale, katika kisiwa cha Sri Lanka ambacho mabaharia Waarabu walikiita Sarandibu, yako majabali yenye mapango yaitwayo Aluvihare. Zamani watawa wa Kibuddha walikaa humo, mbali na makelele ya miji. Juu ya midomo ya mapango ulichongwa ukingo, ili maji ya mvua yadondoke nje.

Mafundisho ya Buddha yaliyo katika Kipali hayakuwa kitabuni hapo kwanza. Yalihifadhiwa vifuani mwa watawa, kila kundi likikariri sehemu yake. Katika karne ya 1 K.K., zama za Mfalme Vattagamani, nchi ilipatwa na vita na njaa. Watawa wengi walikufa, na ilihofiwa kwamba elimu ingekufa pamoja nao. Ndipo waliosalia walipokata shauri kuyaandika, na mapokeo yasema kwamba kazi hiyo ilifanyika Aluvihare. Kwa desturi ya kisiwa hicho, herufi hukwaruzwa kwa kalamu ya chuma juu ya majani makavu ya mti wa jamii ya mnazi, kisha hupakwa masizi na mafuta zipate kuonekana.

Mwaka 1848 Waingereza walipozima uasi wa Matale, maktaba ya mahali hapo iliharibiwa. Lakini mafundisho hayakupotea, kwani nakala zilikwisha kuenea hata Burma na Siam, na watawa hawakuacha kukariri. Kwa hiyo haifai kudhani kwamba maandishi yalikuja kuifuta kumbukumbu; viwili hivyo vililindana.