Shule Iliyotoa Gazeti

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyetaka kazi hiyo, mimi ndiye mlezi wa gazeti la ukutani hapa shuleni kwetu, mkoani Pwani. Gazeti lenyewe ni karatasi za manila zilizobandikwa kwenye ubao nje ya ofisi ya walimu. Kila kidato cha kwanza wanapoingia huwaambia kitu ambacho hawakiamini hata kidogo: gazeti la kwanza la Kiswahili lilikuwa gazeti la shule.

Liliitwa Msimulizi. Lilianza mwaka 1888 katika Chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani, kusini kidogo ya mji wa Unguja, chini ya wamisionari wa Kianglikana wa UMCA. Wanafunzi wa mwanzo wa chuo kile hawakuletwa na wazazi wakiwa na sanduku na godoro. Wengi walitekwa bara wakiwa wadogo, wakauzwa mkono hadi mkono, wakapakiwa majahazini, na huko baharini manowari za Waingereza zikayakamata majahazi hayo, na watoto wakakabidhiwa wamisionari. Mwaka 1887 mwalimu wao, A. C. Madan, alichapisha London kitabu cha masimulizi waliyoyaandika wavulana hao wenyewe kuhusu makwao na jinsi walivyotekwa. Mwaka mmoja baadaye wakawa na gazeti.

Nadhani mambo haya mawili hayatenganishiki. Mtoto aliyepotezana na ukoo wake anajua thamani ya kusikia fulani yuko wapi. Wahitimu wa Kiungani walitawanywa kwenda kufundisha Magila kwa Wabondei, Masasi na Newala kusini, hata kisiwani Likoma, Ziwa Nyasa. Msimulizi lilikuwa njia yao ya kuulizana hali. Nani kaoa, nani kapata mtoto, nani kafa, nani kahamishwa kituo, nani kapita safarini akalala kwetu. Mzungu wa ofisini London asingeona habari hapo. Mimi naona habari tupu, tena za aina ambayo mtu huisoma mara mbili.

Hebu fuata habari moja ilivyosafiri. Mwalimu wa Masasi ameandika kwamba mwenzake amefunga ndoa. Barua inabebwa na wapagazi kwa miguu siku kadhaa hadi Lindi, inangoja chombo, kisha inavuka hadi Unguja. Hapo ni kama njia ilikuwa wazi, maana mwaka ule ule wa 1888 pwani ya bara ilichafuka, Abushiri na wenzake wakipigana na kampuni ya Wajerumani. Ikifika salama, mtu wa kupanga chapa anaokota herufi za risasi moja moja kutoka kwenye visanduku vyake na kuzipanga mstarini, zikisomeka kinyume kama maandishi kwenye kioo. Herufi moja ikikosewa, jina la bwana harusi limeharibika. Karatasi zikishapigwa chapa zinafungwa na kurudi njia ile ile, mpaka Masasi, ambako bwana harusi anajisoma. Kufikia hapo huenda bibi harusi keshaanza kuchoka naye.

Msimulizi lilidumu hadi 1896. Ladha yake ilihamia Magila, ambako wamisionari hao hao walitoa Habari za Mwezi.

Wajerumani nao, walipotaka gazeti la Kiswahili mwanzoni mwa karne ya 20, walilipeleka shuleni. Kiongozi lilitoka katika shule ya serikali Tanga, ambako vijana walifundishwa useremala na uchapaji pamoja na kusoma. Lakini hewa ilikuwa imebadilika. Wasomaji wake wakubwa walikuwa maakida, makarani na walimu waliolipwa na serikali, na gazeti liliijua serikali hiyo vizuri kuliko lilivyomjua bwana harusi wa Masasi. Lilikwisha Waingereza walipoingia Tanga mwaka 1916. Mwaka 1923 Idara ya Elimu ya Waingereza ikaanzisha Mambo Leo, gazeti la kila mwezi, zuri kwa mashairi na barua za wasomaji, nami nalipenda. Ila sasa gazeti lilikuwa linatoka Dar es Salaam kwenda shuleni, na mwanafunzi amekuwa msomaji.

Miaka miwili baadaye, 1925, Kiungani yenyewe ilihamishwa ng'ambo ya bahari hadi Minaki, upande wa Kisarawe. Leo ni sekondari ya serikali. Ukipanda huko kutoka Dar es Salaam utapishana na wanafunzi wenye ndoo, kama shule yoyote.

Sekondari ninazozijua mimi sasa zina matangazo mengi na habari kidogo. Paredi ya asubuhi mwalimu wa zamu anasoma: mtihani wa majaribio wiki ijayo, michango ya mahafali, mchujo wa timu ya UMISSETA, nywele zikatwe. Ubaoni kuna karatasi zenye mhuri. Kwenye kundi la wazazi la simu, mkuu wa shule anatuma tarehe ya kikao na wazazi wanajibu kwa vidole gumba. Yote hayo yanahitajika, na mimi mwenyewe nikiwa wa zamu huyasoma kwa sauti kubwa. Lakini hakuna humo anayesema fulani yuko wapi.

Kwa hiyo kwenye manila zetu nimelazimisha safu moja iitwayo Waliotoka. Wahariri walinung'unika, walitaka matokeo ya Simba na Yanga. Nikawaambia Simba na Yanga wana waandishi wao. Sasa safu hiyo ndiyo watu wanayosukumana kuisoma wakati wa mapumziko: mmoja yuko JKT Makutupora na anasema jua la Dodoma halina adabu, mwingine ana kibanda cha kutengeneza simu Mbagala. Toleo lijalo lina nafasi tupu pembeni. Wamenifuata jana kuomba ruhusa ya kutumia simu yangu, maana kapteni wa zamani wa netiboli inasemekana anasomea uuguzi Ifakara, na wanataka kulisikia hilo kwake mwenyewe kabla ya kulibandika.