Seramu Iliyochujwa: Utambuzi wa Fangasi katika Tishu

Hadi katikati ya karne ya 20, mtaalamu wa patholojia aliyetafuta fangasi katika kipande cha tishu hakuwa na cha kutegemea ila umbo lake. Rangi ya fedha iliyoboreshwa na Grocott mwaka 1955 ilizitia weusi kuta za seli za fangasi, zikaonekana wazi chini ya hadubini, lakini ilizitia zote weusi ule ule, hivyo seli ndogo za Blastomyces ziliweza kudhaniwa kuwa za Histoplasma, fangasi nyingine.

Njia nyingine ilikuwa imekwisha kuanza nchini Marekani. Mwaka 1941 Albert Coons na wenzake wa Harvard walionyesha kwamba kingamwili, yaani protini ambazo mwili huunda ili kunasa kitu kigeni, zaweza kufungamanishwa na kemikali inayong'aa katika mionzi ya urujuanimno bila kupoteza uwezo wake wa kunasa. Wao walishughulika na bakteria wa nimonia. Walioipeleka mbinu hiyo kwa fangasi, miaka 20 hivi baadaye, ni hasa William Kaplan na Leo Kaufman wa kituo cha serikali cha magonjwa ya kuambukiza huko Atlanta.

Kung'arisha fangasi hakukuwa kazi ngumu. Ugumu ulikuwa kuzuia fangasi isiyohusika ising'ae. Sungura aliyechanjwa kwa Histoplasma alitoa seramu, yaani majimaji ya damu yenye kingamwili, iliyonasa Blastomyces pia, kwa kuwa fangasi hizo mbili zina antijeni za pamoja, yaani sehemu ambazo kingamwili huzitambua. Seramu ilichanganywa basi na seli za fangasi isiyotakiwa, kingamwili za pamoja zikajishika humo na kuondolewa pamoja na seli hizo, ikabaki seramu iliyochujwa, dhaifu zaidi lakini aminifu zaidi, na hapo, kuliko katika mng'ao wenyewe, ndipo ulipokuwa ustadi wa watafiti hao.

Mwaka 1969 Kaplan na Kraft walionyesha kwamba mbinu hiyo hufaa hata kwa tishu zilizohifadhiwa kwa fomalini, na kwa hiyo vipande vilivyowekwa ghalani muda mrefu vingeweza kuchunguzwa upya. Vimeng'enya vinavyofungamanishwa na kingamwili na kutoa rangi inayoonekana kwa hadubini ya kawaida, vilivyoletwa na Nakane na Pierce mwaka 1966, vilipunguza haja ya mionzi, nazo kingamwili za ukoo mmoja wa seli, zilizobuniwa na Köhler na Milstein mwaka 1975, zilipunguza haja ya kuchuja. Hata hivyo, kwa kuwa sukari za kuta za seli hushirikiwa na jamii nyingi za fangasi, kingamwili safi za namna hiyo nazo hulazimika kujaribiwa dhidi ya jamii hizo kabla jibu lake halijaaminiwa.