Feza ya wazee ndani ya udongo wetu

Mtu akichimba msingi wa nyumba au shimo la choo katika parseli yake, hutokea jembe likagonga kitu kidogo cha mviringo, cheusi kama mkaa. Akikisugua, kinaanza kung'aa. Hapo habari inaenea katika avenyu nzima: fulani amepata feza ya Wajerumani! Siku hizi kuna tena wale wanaotembea na mashini inayolia juu ya chuma, wanaomba ruhusa ya kupita katika mashamba ya watu, na wengine hawaombi. Juu ya sarafu hizo maneno ni mengi, na ukweli ni mdogo. Katika kurasa hizi nataka kueleza ni sarafu gani zilizofika katika nchi yetu ya Kivu, zilifikaje, na juu ya nini mtu anayeziokota asikimbilie kuziuza.

Mbele ya sarafu

Wazee wetu walifanya biashara bila sarafu, lakini hawakukosa kipimo cha mali. Kulikuwa mbuzi, jembe, chumvi, shanga. Kando ya ziwa Kivu kulikuwa hasa butega, pete za nyuzi zilizosukwa na kuvaliwa miguuni. Watembo, kule milimani magharibi ya ziwa, ndio walizitengeneza, na zilivuka maji mpaka Rwanda kubadilishwa na ng'ombe, mbuzi na vyakula. Mwanahistoria David Newbury ameandika juu ya biashara hiyo ya karne ya 19. Basi tusidhani kwamba Mzungu ndiye aliyetufundisha kununua na kuuza. Yeye alileta chuma chenye sura ya mfalme wake, kisha akadai tumlipe kodi kwa chuma hicho hicho.

Wafalme wawili mpakani

Goma yetu ilizaliwa kama posti ya mpaka. Upande wa Gisenyi walikuwa Wajerumani, upande huu watu wa Léopold II, na kuanzia 1908 Wabelji wenyewe. Mipaka ya Kivu ilibishaniwa kwa miaka mingi, mpaka mapatano ya Bruxelles ya 1910. Ndiyo maana katika udongo wetu kunaweza kukutana feza za aina mbili.

Ya kwanza ni rupia ya Wajerumani. Kampani yao ya Afrika ya Mashariki ilianza kuitoa 1890. Upande mmoja iko kichwa cha mfalme Wilhelm II, amevaa kofia ya vita yenye tai juu yake. Upande wa pili iko simba chini ya mtende. Kuanzia 1904 serikali yao ilichukua kazi hiyo mikononi mwake. Kichwa kilibaki, lakini simba akaondoka, yakaja maneno "Deutsch Ostafrika" na shada la majani. Rupia moja ina uzito wa gramu 11.66, na katika kila sehemu 1,000 za uzito huo, sehemu 917 ni feza. Ilikuwa sawa na rupia ya Wahindi iliyotumika pwani yote.

Ya pili ni franga ya Léopold. Mwaka 1887 Serikali Huru ya Congo ilitoa sarafu za feza za franga 5, franga 2, franga 1 na santimu 50. Franga 5 ina gramu 25, ni nzito mkononi. Upande mmoja kichwa cha Léopold na ndevu zake, upande wa pili simba wawili na maneno ya Kifaransa "Travail et Progrès", maana yake kazi na maendeleo. Mwalimu wa historia hawezi kusoma maneno hayo bila kukumbuka mpira mwekundu na mikono iliyokatwa. Santimu ndogo zilikuwa za shaba, na tundu katikati, ili mtu azipitishe kamba na kuzivaa.

Kuanzia 1910 serikali ya Wabelji ilidai kodi kwa feza, mahali pa kazi au vitu. Mwanaume aliyekuwa na mbuzi na shamba lakini hana franga alihesabiwa kama mdeni. Ilibidi auze au aende kufanya kazi kwa Mzungu. Kwa hiyo franga moja iliyopotea katika nyasi ilikuwa msiba wa nyumba. Mtu anayeiokota leo ameokota siku za jasho za mtu ambaye jina lake hatulijui.

Vita vya 1914 viliongeza mchanganyiko. Mwaka 1916 jeshi la Force Publique lilivuka mpaka, likaingia Rwanda, likaendelea mpaka Tabora, ambako liliingia tarehe 19 Septemba. Nyuma yake walitembea wapagazi kwa maelfu, na wengi hawakurudi. Kule Tabora, Wajerumani waliozingirwa walikuwa wametengeneza sarafu zao wenyewe mwaka huo wa 1916, hata rupia 15 za dhahabu zenye picha ya tembo. Askari na mpagazi aliyerudi angeweza kuwa na rupia katika nguo yake. Bila banki, aliiweka wapi? Ndani ya chungu, chini ya kitanda, au pembeni ya mgomba.

Maneno yanayobaki

Sarafu zilipotea sokoni, majina yao yakabaki mdomoni. Pesa ilikuwa sarafu ndogo ya shaba, jina lake limetoka Uhindi. Hela wanayosema Watanzania ni heller ya Wajerumani, ambayo 100 zilifanya rupia moja. Franga ni ya Léopold. Makuta yalikuja na Mobutu 1967, wakati makuta 100 yalifanya zaire 1. Na neno letu la kila siku, feza, ni jina la madini yenyewe. Tunalisema tukishika karatasi.

Kizazi chetu kinaelewa uchungu wa jambo hilo. Mwaka 1993 zaire 3,000,000 zilibadilishwa na zaire mpya 1. Mwaka 1998, zaire mpya 100,000 zikawa franga 1. Na mwaka 2025, banki za Goma zilipofungwa nyuma ya M23 kuingia mjini, watu walibeba noti zilizochanika ambazo muuzaji alizikataa. Mzee aliyezika rupia yake mwaka 1916 hakuwa mjinga.

Mashini na uongo

Mashini ya kutafuta chuma inatuma nguvu ya umeme ardhini kwa njia ya duara la waya. Nguvu hiyo ikikuta chuma, chuma kinajibu, na mashini inalia. Lakini sisi tunaishi juu ya mawe ya volkano, na mawe hayo yana chuma ndani yake. Basi hapa kwetu mashini inaweza kulia bure kutoka asubuhi mpaka jioni. Tena sehemu ya mji wa zamani imefunikwa na lava ya tarehe 17 Januari 2002, iliyopita katikati ya Goma mpaka ziwani.

Kuna hatari kubwa zaidi. Vita vilipita hapa 1996, 1998, 2012 na 2025. Mashini haichagui kati ya rupia na gruneti. Kijana anayechimba kila mahali inapolia anacheza na maisha yake na ya watoto wa jirani. Akiona kitu cha jeshi, asikiguse. Aondoe watu na atoe habari.

Halafu kuna uongo. Hapa na kule Tanzania kuna wanaoamini kwamba rupia ya Wajerumani ina nguvu za ajabu, au kwamba kuna tajiri atakayeinunua kwa mamilioni. Hesabu ni nyepesi: ndani ya rupia moja kuna feza safi isiyofika gramu 11. Zipo chache adimu ambazo wakusanyaji hulipia zaidi, lakini rupia ya kawaida haitamnunulia mtu parseli. Anayekuomba utoe kwanza feza ya "majaribio" ndipo alete mnunuzi, huyo anatafuta feza iliyo mfukoni mwako, ile ya udongoni haimhusu. Na tarehe isikudanganye: riali ya Maria Theresa imeandikwa 1780, lakini ilipigwa tena na tena mpaka karne ya 20 kwa mwaka ule ule. Vilevile franga za rangi ya manjano zenye tembo, za miaka ya 1940, si feza. Yenye feza ni franga 50 ya 1944, ya gramu 17 na nusu, na hiyo nayo ni nusu tu.

Thamani yenyewe iko wapi?

Ili kuelewa, tutazame ndugu zetu wa pwani. Mwaka 1984, kule Mtambwe Mkuu katika kisiwa cha Pemba, zilipatikana sarafu za feza zaidi ya 2,000, ndogo na nyepesi, zenye majina ya watawala wa hapo kwa maandishi ya Kiarabu. Pamoja nazo kulikuwa dinari chache za dhahabu zilizotoka mbali. Kwa kuwa wataalamu waliziandika zote pamoja, pale pale zilipolala, dinari zile zilisaidia kujua umri wa feza ile: karne ya 11. Hivyo ikajulikana kwamba miji ya Waswahili ilipiga sarafu yake ya feza karibu miaka 1,000 iliyopita. Kama mtu angezichukua na kuziuza moja-moja kwa sonara, dunia ingepata pete na bangili, na historia hiyo ingekufa.

Ndivyo ilivyo na kwetu. Rupia moja katika sanduku la mchuuzi haisemi kitu. Rupia ile ile, ikijulikana kwamba ililala na santimu tatu za tundu na shanga, ndani ya chungu, mahali palipokuwa njia ya soko, inatuambia nani alipita, alifanya biashara na nani, na mpaka wa wazungu ulizuia nini na haukuzuia nini. Habari za nchi hii ziliandikwa zaidi na maofisa wa kigeni. Udongo ni ushahidi wetu wenyewe, na unasomwa mara moja tu. Ukichimbuliwa, ukurasa umechanika.

Sheria nayo inasema. Ile namba 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971, juu ya ulinzi wa mali ya utamaduni, inataka uchimbaji wa vitu vya kale uwe na ruhusa, na vilivyopatikana vitangazwe kwa serikali. Ile ya 1973 inasema udongo ni wa Serikali, lakini haimpi mtu ruhusa ya kuingia katika parseli ya mwenzake. Basi omba kwanza kwa mwenye shamba, na mpatane mbele ya mashahidi juu ya kile kitakachopatikana. Ndugu wamegombana juu ya vitu vidogo kuliko hivyo.

Na ukipata, fanya hivi. Usiisugue kwa mchanga wala limau, sababu maandishi yatakwisha. Ipime kwa mizani ya wanunuzi wa dhahabu. Piga picha pande zote mbili. Andika mahali, kina cha shimo, na vitu vilivyolala pamoja nayo, hata vigae. Uliza wazee wa kartie pale palikuwa nini zamani. Mpelekee mwalimu wa historia au mtu wa chuo aandike naye.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Walisema juu ya biashara, lakini neno hilo linafaa pia kwa rupia iliyolala udongoni zaidi ya miaka 100. Hata kama shida ya nyumba itamlazimisha mtu kuiuza, daftari la kurasa chache halina bei kubwa. Liandikwe kwanza.