Shamba limejaa, mtoto amedumaa: Taaluma ya lishe na tiba lishe kwa macho ya Rungwe

Wilaya ya Rungwe, mkoani Mbeya, ni miongoni mwa maeneo ya Tanzania yaliyojaliwa chakula. Tukuyu, makao makuu ya wilaya, hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na udongo wa volkano unaouzunguka Mlima Rungwe hustawisha ndizi, viazi mviringo, magimbi, maharage, chai na parachichi. Ng'ombe wa maziwa hufugwa karibu na nyumba, na malori ya ndizi na viazi hushuka kila wiki kuelekea masoko ya Mbeya na Dar es Salaam. Mgeni anayepita barabara ya kwenda Kyela hawezi kudhani kwamba utapiamlo ni jambo la kuzungumzwa hapa.

Hata hivyo, Nyanda za Juu Kusini ndizo zinazoongoza nchini kwa udumavu, yaani hali ya mtoto kuwa mfupi kuliko inavyotarajiwa kwa umri wake kwa sababu ya kukosa lishe bora au kuugua mara kwa mara kwa muda mrefu. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mkoani Iringa kiwango kilizidi nusu ya watoto. Njombe na Rukwa kilikuwa takriban nusu. Mikoa hiyo ndiyo inayolilisha taifa mahindi na viazi. Uhaba wa chakula peke yake, kwa hiyo, hauwezi kueleza tatizo hili, na hapo ndipo inapoanza kazi ya mtaalamu wa lishe.

Taaluma yenyewe ina matawi mawili yanayokaribiana. Lishe ya jamii huangalia kundi zima: kijiji, shule, wajawazito wa kata fulani. Tiba lishe humwangalia mgonjwa mmoja na kumpangia chakula kama sehemu ya matibabu yake, kwa kiasi na kwa sababu inayoweza kuandikwa kwenye faili lake kando ya dawa. Afisa lishe wa halmashauri hufanya zaidi kazi ya kwanza. Aliyeko wodini katika hospitali ya wilaya au ya rufaa hufanya ya pili. Katika wilaya za pembezoni mtu mmoja hutakiwa kuziweza zote mbili, na mwanafunzi anayedharau upande mmoja akiwa chuoni huja kuulipia kituoni.

Mafunzo ya ngazi ya kati husimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi (NACTVET). Kwa kawaida huanza na astashahada ya awali, yaani ngazi ya 4, na kuishia na stashahada, yaani ngazi ya 6, kwa miaka mitatu. Kwa shahada, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kinafundisha lishe ya binadamu, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina shahada inayounganisha chakula, lishe na tiba lishe. Chuo cha uuguzi kilichopo Tukuyu huandaa wauguzi, ambao kwao lishe ni sehemu tu ya masomo. Sehemu hiyo si ndogo kwa umuhimu, kwa kuwa katika zahanati nyingi muuguzi ndiye anayekutana na mama mwenye mtoto aliyekonda kabla ya mtu mwingine yeyote.

Masomo ya mwaka wa kwanza huwashtua wengi. Anayedhani anakwenda kujifunza mapishi hukuta biokemia, fiziolojia, anatomia, takwimu na mikrobiolojia ya chakula. Sababu yake huonekana baadaye, pale mwanafunzi anapotakiwa kueleza kwa namba kwa nini mtoto aliyekula akashiba bado hakui.

Mfano wa ndizi unafaa kwa Rungwe kuliko mwingine wowote. Katika mwongozo wa chakula wa Tanzania, ndizi za kupika huhesabiwa pamoja na nafaka na mizizi. Hazimo katika kundi la matunda. Gramu 100 za ndizi mbichi zina takriban gramu 1 tu ya protini. Maziwa ya ng'ombe, kwa uzito huohuo, yana zaidi ya gramu 3, na maharage yaliyopikwa hufikia gramu 8 au 9. Familia inayokula ndizi asubuhi, viazi mchana na magimbi usiku imebadilisha sahani mara tatu bila kubadilisha kundi la chakula. Mtu mzima anaweza kuvumilia hali hiyo kwa muda. Mtoto wa miezi tisa hawezi.

Kwa mtoto huyo hesabu ni kali zaidi. Tumbo lake hubeba takriban gramu 30 za chakula kwa kila kilo ya uzito wake, hivyo mwenye kilo 8 hujaa kwa gramu 240, ambazo ni karibu kikombe kimoja. Kati ya miezi tisa na kumi na moja anahitaji takriban kilokalori 300 kwa siku kutoka katika vyakula vya nyongeza, mbali na maziwa ya mama. Uji mwepesi wenye kilokalori 40 kwa kila mililita 100 ungemlazimu kunywa mililita 750 ili kufikia kiasi hicho, yaani vikombe vitatu vilivyojaa hadi juu, kila siku, bila kuugua na bila kukataa. Mama akipewa mashauri ya “mpe mtoto chakula cha kutosha” bila hesabu hiyo, ameambiwa jambo ambalo tumbo la mwanawe haliwezi kulitimiza.

Ufumbuzi upo shambani kwake. Gramu 50 za parachichi lililopondwa huongeza takriban kilokalori 80, nyingi zikitokana na mafuta, bila kujaza kikombe. Maziwa yakichukua nafasi ya sehemu ya maji huleta protini. Upo pia ujuzi wa kimea, ambao uliwahi kutafitiwa nchini katika miaka ya 1980: kijiko cha unga wa nafaka iliyooteshwa na kukaushwa hulainisha uji mzito, kwa kuwa vimeng'enya vyake huvunja wanga, na hivyo mtoto hupata unga mwingi zaidi katika kikombe kilekile. Kimea si kigeni katika nyumba za Rungwe, ambako ulezi huoteshwa kwa ajili ya pombe ya kienyeji. Lililo geni ni kukitumia kwa mtoto, na si kila bibi atalikubali siku ya kwanza.

Chai nayo ina somo lake. Katika wilaya ambayo zao hilo linaonekana kutoka kila kilima, kunywa chai pamoja na mlo ni desturi ya kawaida, na watoto hupewa mapema. Tanini iliyomo ndani ya chai hushikana na madini ya chuma yanayotoka katika mboga na maharage, na kuyazuia yasifyonzwe vizuri. Kwa mjamzito ambaye tayari ana upungufu wa damu, kikombe hicho kikinywewa pamoja na mlo hupunguza faida ya mboga aliyoichuma kwa ajili hiyohiyo. Mtaalamu hafutilii mbali chai. Hushauri inywewe saa moja au mbili baada ya chakula, na mahali pake pawekwe pera, chungwa au ndimu, kwa sababu vitamini C husaidia ufyonzwaji wa madini hayo. Ni ushauri usio na gharama, na labda kwa sababu hiyo hutolewa mara chache kuliko unavyostahili.

Tiba lishe wodini ina uzito wa aina nyingine, kwa kuwa kosa huonekana haraka. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 ambaye mzingo wa mkono wake wa juu ni chini ya sentimita 11.5 ana utapiamlo mkali. Akiwa na matatizo mengine ya kiafya au amepoteza hamu ya kula, hulazwa. Huruma ya kawaida ingetaka apewe chakula kingi mara moja. Mafunzo yanakataza hivyo: mwili uliozoea njaa ukipokea chakula kingi ghafla, uwiano wa madini katika damu huvurugika na moyo unaweza kushindwa. Ndiyo maana matibabu huanza na maziwa dawa ya F-75, yenye kilokalori 75 kwa mililita 100, kwa kiasi kidogo, mchana na usiku. Hali ikitengemaa, mtoto huhamishiwa F-100 au chakula dawa, ambacho pakiti yake ya gramu 92 ina kilokalori 500. Mwanafunzi aliyewahi kukesha wodini akipima maziwa hayo kila baada ya saa chache haulizi tena kwa nini alisomeshwa fiziolojia.

Kwa watu wazima, mfano mgumu zaidi kwa Rungwe ni mgonjwa wa figo. Figo zikishindwa kuchuja, potasiamu hulimbikizana katika damu na inaweza kuvuruga mapigo ya moyo hadi kusababisha kifo. Sasa zitazamwe ndizi, viazi mviringo na parachichi: vyote vitatu vina potasiamu nyingi, takriban miligramu 400 hadi 500 kwa kila gramu 100. Karatasi ya ushauri iliyoandikwa kwa ajili ya mlaji wa ugali haimfai mgonjwa huyu. Mtaalamu humfundisha kumenya viazi au ndizi, kukata vipande vidogo, kuchemsha katika maji mengi na kuyamwaga, njia inayopunguza potasiamu kwa kiasi kikubwa; humpunguzia kipimo cha vyakula hivyo na kumwongezea wali au ugali; na parachichi, zao analouza, huenda akaambiwa aliache. Kumwambia mkulima asile mazao ya shamba lake kunahitaji ufundi wa mazungumzo kuliko ufundi wa maabara.

Mazungumzo hayo nayo hufundishwa. Njia ya kawaida ya kujua mtu anakula nini ni kumwomba akumbuke kila alichokula katika saa 24 zilizopita. Inaonekana rahisi hadi inapofika mahali ambapo watu hula sahani moja. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, alieleza mwaka 1951 uzito wa ukwangala, yaani raha ya kukaa na kula pamoja na wenzako. Maisha yamebadilika sana tangu wakati huo, lakini swali la “umekula kiasi gani?” bado ni gumu kwa mtoto aliyechota kwenye sinia na binamu zake watatu, mmoja wao akiwa na mkono mwepesi.

Mizani na ubao wa urefu vinahitaji nidhamu ileile. Mvulana wa miaka miwili anayesimama huhesabiwa amedumaa akiwa chini ya sentimita 81. Wastani wa kimataifa ni karibu sentimita 87. Mtoto wa chini ya umri huo hupimwa akiwa amelala, na urefu wa kulala huzidi wa kusimama kwa takriban sentimita 0.7. Mpimaji anayechanganya njia hizo mbili, au asiyevua viatu vya mtoto, anaweza kumhamisha mtoto kutoka kundi moja hadi jingine kwa uzembe tu.

Wanafunzi wa Nyanda za Juu Kusini wana haki ya kujua kwamba sehemu ya nadharia wanayoisoma ilizaliwa jirani. Mpango wa lishe ulioanza mwaka 1983 mkoani Iringa katika vijiji 168, kwa msaada wa UNICEF na Shirika la Afya Duniani, uliwafanya wanakijiji wenyewe wapime watoto, wachambue sababu na wachukue hatua, kisha wapime tena. Uzoefu huo uliingia katika mfumo wa kuchambua sababu za utapiamlo uliotangazwa na UNICEF mwaka 1990, ambao hadi leo hufundishwa vyuoni kote duniani. Kwamba Iringa hiyohiyo bado inaongoza kwa udumavu ni jambo linalopaswa kujadiliwa darasani bila kuona haya.

Serikali imeweka msingi wa ajira ya taaluma hii kwa hatua kadhaa. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania iliundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Mpango wa pili wa taifa wa lishe uliandaliwa kwa kipindi cha 2021/22 hadi 2025/26, na mkataba wa lishe unaotiwa saini na wakuu wa mikoa uliitaka kila halmashauri kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Fedha ikitengwa kwenye makaratasi bila kutolewa, afisa lishe hubaki na mipango isiyo na mafuta ya pikipiki. Ikitolewa, huwezesha Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, inayofanyika kila robo mwaka, ambapo watoto hupimwa na wazazi huona mapishi yakifanyika mbele yao kwa vyakula vya hapohapo.

Mhitimu wa kidato cha nne anayefikiria njia hii anahitaji kuwa na ufaulu katika masomo ya sayansi, hususan Biolojia na Kemia. Sifa kamili za kila kozi hutolewa katika kitabu cha mwongozo wa udahili cha NACTVET, ambacho pia huonesha chuo kipi kimesajiliwa kufundisha kozi ipi. Jina la chuo kuwa na neno “afya” halimaanishi kwamba kina kibali cha kufundisha lishe. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Serikali imekuwa ikitoa mikopo kwa baadhi ya wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, zikiwamo za afya, na orodha ya kozi zinazohusika hutangazwa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu kabla ya dirisha la maombi kufunguliwa.