PICHA YA MTOTO ALIYEKUJA KUWA MALKIA (1933)

Wadau, picha tunayoizungumzia hapa si ya kamera, ni ya kuchorwa kwa rangi za mafuta. Mtoto ni Elizabeth wa Uingereza, aliyezaliwa London Aprili 21, 1926. Alichorwa mwaka 1933 akiwa na miaka 7, amekaa na kikapu cha maua.

MCHORAJI: Philip de László, aliyezaliwa Budapest, Hungaria, mwaka 1869, mtoto wa fundi cherehani. Alihamia London 1907 na kuishi kwa kuchora wakubwa waliomwagiza. Umaarufu haukumsaidia wakati wa Vita Kuu ya Kwanza: mwaka 1917 aliwekwa kizuizini ingawa alishapata uraia wa Uingereza. Alisafishwa jina 1919, wateja wakarudi. Alifariki 1937. Elizabeth alipokuwa mtu mzima alikumbuka kwamba hakumpenda kabisa, maana alitaka ukae unamtazama tu muda wote!

KWA NINI INA UZITO: Mwaka 1933 hakuna aliyemtegemea awe malkia, kwani baba yake alikuwa mtoto wa pili wa mfalme. Desemba 1936 baba yake mkubwa, Edward VIII, akaachia kiti ili amuoe Mmarekani Wallis Simpson. Mambo yakageuka. Februari 6, 1952 baba yake akafariki, binti akiwa Kenya, akawa malkia hapo hapo. Alitawala miaka 70, hadi Septemba 8, 2022.

NA HUKU KABANGA JE? Buha yetu ilitoka kwa Wabelgiji ikaingia kwa Waingereza mwaka 1921. Sura ya George V, babu yake huyo mtoto, ilikuwa kwenye shilingi. Kuzipata shilingi hizo za kulipia kodi, Waha wengi walikwenda mbali hadi mashamba ya mkonge Tanga, wakaitwa manamba. Yaani mzee wetu alimjua babu wa mtoto yule kwa kumshika mkononi, lakini mtoto wake mwenyewe aliyemwacha nyumbani nani alimchora?

Ndiyo maana jamani, kama nyumbani kuna picha ya zamani, hata imechakaa, muulize bibi ni nani na ni mwaka gani, kisha andika nyuma kwa penseli. Bibi akishaondoka, picha inabaki "mtoto fulani" tu.

Mwenye nayo atuambie hapo chini.